Wimbo Alioufuta Mwalimu Mokeira

Mwaka wa 1969 Bathsheba Mokeira alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na watoto arobaini na mmoja ambao hakuzaa hata mmoja wao. Alikuwa mwalimu wa nasari pale Nyakoe, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa la Waadventista.

Kazi hiyo aliisomea wiki tatu tu mjini Kisii. Mengine aliyatoa kichwani mwake. Vifuniko vya soda vilikuwa vya kuhesabia, magunzi ya mahindi yalivikwa vitambaa yakawa wanasesere, na kila jambo lilikuwa na wimbo wake: wa kunawa mikono, wa kupanga mstari, hata wa kumbembeleza anayelia. Akina mama waliokwenda sokoni na ndizi zao walipunguza mwendo wakifika hapo, wasikilize kidogo.

Uliopendwa kuliko zote ulikuwa wimbo wa kuhesabu. Mokeira aliujua tangu utoto, kama kila mtu wa huko. Waliuimba kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, na maana yake ilikuwa hivi: Muhindi mmoja anapima sukari, kidole kimoja juu ya mizani, Wahindi wawili wanapima sukari, vidole viwili juu ya mizani. Watoto walibana sauti puani, wakatoa matumbo mbele, wakabonyeza vidole hewani. Walipofika kumi walikuwa chini wakigaagaa kwa kicheko.

Januari hiyo Devji, mwenye duka la kando ya barabara, alimleta binti yake Jasu, wa miaka mitano.

"Nyumbani anashinda na nyanya yake tu," alisema. "Hana wa kucheza naye."

Watoto walimzunguka. Makori, aliyekuwa mtundu kuliko wote, alilowesha kidole kwa mate akamsugua Jasu mkono aone kama rangi itatoka. Jasu naye akalowesha chake, akamsugua Makori. Hakuna kilichotoka kwa yeyote, basi wakatoka mbio kwenda kucheza.

Kwa miezi miwili Mokeira hakuimbisha ule wimbo. Hakujiuliza kwa nini. Aliuruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani. Lakini watoto hawakuusahau. Asubuhi moja alichelewa kwa sababu ya mvua, na alipokaribia alisikia wamefika saba tayari: Wahindi saba wanapima sukari. Sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya Jasu. Alikuwa ameshika Ekegusii haraka kuliko walivyotarajia, na pale katikati ya chumba alikuwa ametoa tumbo mbele, anabonyeza vidole hewani, macho yanamng'aa kwa furaha.

Mokeira alisimama mlangoni, mwavuli ukimchuruzikia miguuni.

"Nyamazeni," alisema. "Wimbo huo umekwisha."

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza msichana mmoja, Nyangate. "Si ni wako?"

Mokeira aliufunga mwavuli, akawagawia vifuniko wahesabu.

Jioni ile Jasu aliuimba dukani, mbele ya wateja. Watu walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakaanza kutazama dari. Kesho yake Devji alikuwa mlangoni pa nasari hata kabla watoto hawajafika.

"Mwalimu, unanunua sukari kwangu tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Nimewahi kukupunja?"

"Hapana."

"Basi hicho kidole ni cha nani?"

Mokeira angeweza kusema ni utundu wa watoto, na yule baba pengine angekubali. Badala yake alisema, "Mimi ndiye niliyewafundisha. Nami nilifundishwa nikiwa mdogo kama wao, na sikuwahi kuufikiria. Nisamehe, Baba Jasu."

Devji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akavua kofia yake.

"Jana nilimgombeza mtoto," alisema. "Mama yangu akadakia, 'Si nilikuambia hao ni watu gani?' Halafu Jasu akamuuliza, 'Nyanya, mbona unaninawisha mikono kila nikitoka shule, hata ikiwa safi?'" Akakohoa. "Nami huwa nawaita wazee wenye mvi wanaonibebea magunia 'boi', Mwalimu, kama watoto. Jasu ameanza kuwaita hivyo pia."

Wakatazamana. Devji ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha aibu, na Mokeira akashindwa kujizuia.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Devji.

"Niazime mizani," alisema Mokeira.

Siku hiyo aliwaambia watoto wazi kwamba wimbo ule ulisema uongo juu ya watu, na kwamba mwenye kosa alikuwa yeye. Hawakusikitika sana, maana mizani ilikuwa imewekwa mezani. Walipima maharagwe, viatu, hata mjusi. Kila mtoto alipata zamu ya kuwa mwenye duka, na wimbo ukabadilika wenyewe: Makori mmoja anapima maharagwe, Jasu wawili wanapima viatu. Wazo la Jasu wawili liliwafanya wagaegae tena.

Siku ya pili alikuja nyanya yake Jasu. Alisema amekuja kulinda mizani. Alikaa kwenye benchi, mgongo wima, sari yake ameikusanya asiguswe. Nyangate akamsogelea.

"Nyanya, tukupime?"

Jasu alitafsiri. Yule bibi akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutetemeka, kisha kicheko kikamshinda. Baada ya nusu saa wasichana watatu walikuwa nyuma yake wakisuka nywele zake nyeupe, na Nyangate, kwa mikono isiyo safi hata kidogo, alimmenyea ndizi mbivu. Jasu alifungua mdomo aseme jambo juu ya kunawa. Nyanya akamnyamazisha kwa kidole, akala.

Tangu hapo Mokeira alizipitia nyimbo zake zote moja moja. Alikuta mmoja ambamo Mzungu ndiye mwerevu siku zote na Mwafrika ndiye wa kusukuma gari; akaufuta. Picha za malaika walizoletewa kanisani zote zilikuwa za Wazungu wa rangi ya waridi. Akapaka baadhi yao kwa chai ya rangi, hudhurungi ikakolea vizuri.

Mwaka wa 1974 alialikwa Gesima kuwafundisha walimu thelathini wa nasari. Alipomaliza kuwasimulia habari ya wimbo wa sukari, mwalimu mmoja mzee, Nyamongo, akainua mkono.

"Mama, huku ni majani ya chai tu. Watoto wangu hawajamwona Muhindi hata mmoja."

"Na wimbo wa sukari wanaujua?"

Nyamongo akakuna kichwa. "Wanaujua mpaka kumi."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, naye Nyamongo akicheka kuliko wote. Wakagawana karatasi, wakaanza kuutunga upya, safari hii wa vyura. Mpishi aliwaita kwenye chakula mara tatu bila kujibiwa. Alipoingia aliwakuta watu wazima wakirukaruka kama vyura, wakihesabu kwa sauti, Nyamongo akiwa mbele. Mpishi akaweka mwiko wake dirishani, akaingia mstarini.