Nyuso Sita Alizokwangua Cherop

Cherop alikuwa mtu wa kinyaa. Si kinyaa cha uchafu, maana karakana yake nyuma ya nyumba huko mtaa wa Section 58, Nakuru, ilinuka tapentaini na ilikuwa na panya aliyekwisha kumzoea. Kinyaa chake kilikuwa cha watu. Alikuwa amechora watu kwenye vioo kwa miaka ishirini na bado hajamaliza kushangaa jinsi binadamu anavyojipenda. Bwana harusi mmoja alitaka apunguzwe kitambi. Mama mmoja wa Rongai alileta picha ya familia nzima akaagiza mke wa mwanawe ageuzwe chungu cha maua. Cherop alichora hicho chungu, akakipeleka, kisha chakula cha mchana kikamshinda. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wahenga walisema. Aibu ya walio hai anaijua fundi wa picha.

Kazi aliianzia kwenye vioo vya mabucha, akichora mapaja ya ng'ombe na maneno "Nyama Safi". Kutoka hapo alihamia saluni, akachora vichwa vya wanawake wenye nywele ambazo hakuna mwanamke wa Nakuru amewahi kuwa nazo. Lakini tangu usichana wake alitaka kitu kimoja tu: dirisha la kanisa. Dirisha kubwa la rangi, jua lipite ndani yake na watu wainue macho. Kwa hiyo Hiram alipotokea kutoka Bahati, nje ya mji, na picha mkononi, akasema kamati ya ujenzi inataka dirisha juu ya mlango wa kanisa jipya, Cherop alivuta kiti haraka na kukipangusa kwa kanga yake mwenyewe.

Hiram alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyo, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kujibu maombi ya wengine. Nyuma ya picha paliandikwa 1968. Wanawake saba walikuwa wakitoka machimboni na mawe ya kujengea kanisa la kwanza, wameinama, kamba zimewakaza kwenye paji la uso. Nyuma yao kabisa, kivulini, alisimama mwanamume mwenye kofia na daftari.

"Huyo ni baba yangu," Hiram alisema. "Yeye ndiye alijenga kanisa."

Cherop aliitazama ile mikono iliyoshika daftari, haina jiwe wala kamba.

"Picha iko na vitu vingi, mzee," akamwambia. "Kioo hakiwezi kubeba zote. Itabidi nipunguze majani, mawingu, mikunjo ya nguo. Nibaki na mistari ya maana."

"Punguza tu, madam. Wewe ndio fundi."

Picha haikuwa na rangi, kwa hiyo Cherop alikwenda Bahati kuulizia. Kati ya wale saba, aliyekuwa hai ni mmoja, Wariara, bibi wa zaidi ya miaka themanini. Cherop alimkuta uani akichambua maharagwe. Wariara aliiweka picha magotini akaipitishia kidole. Huyu ni Nyakio, aliyekuwa akiimba ili miguu yao iende pamoja. Kilemba chake kilikuwa cha njano, na Wariara anakionea wivu mpaka leo. Huyu ni Kabura, alibeba mawe na mimba ya miezi minane, akajifungua wiki iliyofuata. Akawataja wote, na nguo zao, na hasira zao.

"Na huyu wa daftari, shosho?"

"Huyo alikuwa anaandika wenye wamechelewa." Wariara akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Mweke tu, mtoto wangu. Si alikuwa hapo? Lakini fanya mbio. Nataka kuona wenzangu tena kabla macho haijaisha."

Kioo cha namna hii huchorwa kwa nyuma. Unakilaza juu ya mchoro, unaanza na kilicho karibu zaidi na mtazamaji: mboni ya jicho, kisha jicho, kisha shavu, kisha kilemba, na mbingu inakuja mwisho. Kilichotangulia kukaa ndicho cha mbele, huwezi kukifunika tena. Cherop alianza na wale wanawake. Wiki tatu alishinda ameinama juu ya macho yao, akaacha mistari ya mawingu, akaacha majani, lakini kamba za kwenye paji hakuacha hata moja. Siku hizo hakuna mtu aliyemtia kinyaa.

Kisha Hiram akaja kukagua, akitafuna njugu. Aliinama juu ya meza, maganda yakamdondoka juu ya kioo.

"Na baba?"

"Anakuja. Yeye ni wa nyuma, vile tu iko kwa picha."

"Nyuma? Mlete mbele."

"Haiwezekani, mzee. Mbele kumeshajaa."

"Basi toa hawa. Si ulisema lazima ipunguzwe? Mama mmoja anatosha, afuate baba. Na baba umpatie jiwe. Daftari haionekani vizuri kanisani."

Akalamba kidole, akasugua uso wa Nyakio. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri. Kilemba cha njano kilitoka, kisha shavu, kisha jicho. Hiram akakitazama kidole chake, akakipangusa kwenye kitambaa cha meza.

"Unaona? Inatoka."

Cherop alitoka nje akatema mate kando ya bomba, akatema tena, akarudi na maneno ya kumfukuza yakiwa tayari mdomoni. Lakini Hiram alikuwa wa kwanza kusema.

"Ukiona ni ngumu, kuna kijana Nairobi anabandika stika. Siku mbili amemaliza."

Cherop akafunga mdomo. Hili halina haja ya kupakwa sukari: aliona dirisha lake likienda, akafunga mdomo. "Nitafanya," akasema.

Kesho yake alichukua wembe. Ilibidi achague wa kubakisha, na akajidanganya kwamba anaangalia mpangilio wa rangi. Uongo. Alimbakisha Wariara kwa sababu Wariara alikuwa hai na angekuja kutazama. Wafu hawaulizi. Tumbo la Kabura lilichukua muda mrefu zaidi, na vipande vya rangi vilimganda kwenye mkono wa sweta. Miaka ishirini amewakunjia wateja pua. Nyani haoni kundule. Kisha akamchora baba yake Hiram pale mbele, jiwe begani, na akamchora vizuri. Hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote: mzee alitoka mzuri.

Jumapili ya kufungua kanisa, jua liliingia na watu wakapiga vigelegele. Hiram akashika maikrofoni akaeleza jinsi baba yake alivyovunja mgongo kwa ajili ya Bwana. Cherop aliitwa mbele akavishwa leso. Makofi hayo aliyangoja tangu mabucha, na sasa yalimwingia kama amemeza nzi.

Watu walipotoka kwenda kula, alimkuta Wariara amesimama na mkongojo wake, ameinua uso kwenye dirisha.

"Shosho, umejiona?" Cherop alimkimbilia. "Wewe ndio yule, wa kitambaa chekundu."

Wariara hakujitazama. Macho yake yalikwenda pole pole kutoka pembe hadi pembe, yakarudi.

"Nyakio?"

Cherop akaikaza leso mabegani.

"Kabura?"

"Nafasi haikutosha, shosho. Lakini wewe nilikuchunga. Nilihakikisha hakuna mtu atakufuta."

Bibi akamtazama yule mwanamume mwenye jiwe, muda mrefu, na yule mwanamke mmoja aliyeinama nyuma yake.

"Ungenifuta," akasema. "Ningekuwa na wenzangu."