Fowadi Aliyesalimia kwa Mkono wa Kushoto

Juzi kwenye basi la Etobicoke, huku ughaibuni, alipanda kijana mwenye mabega ya kuziba mlango. Namjua kwa macho: ni fowadi wa kulipwa katika ile raga ya watu kumi na watatu, kazi yake kugonga na kugongwa. Ningekuwa na kilo zake ningemshinda, ila yeye hajui.

Akamwinamia mama mmoja aliyevaa sare ya kutunza wazee. "Shikamoo, mama." Akampa mkono wa kushoto.

Mama hakuupokea. "Kwenu wakubwa wanasalimiwa kwa kushoto?"

"Nisamehe, mama. Wa kulia haunyanyuki."

Mama akambonyeza begani kwa vidole viwili. Kijana akafumba macho.

"Nanyanyua wazee kila siku, mabega nayajua. Kocha ameliona?"

"Nimemficha. Jumamosi ndiyo wanaamua kama wataniongezea mkataba."

"Na Jumamosi ukiliangukia?"

"Basi sitacheza tena."

"Mpigie sasa hivi, nikisikia."

Akapiga. Akaeleza, kisha akasikiliza muda mrefu. "Kesho napelekwa hospitali bega lipigwe picha," akamwambia mama kwa sauti ndogo. "Mkataba hakuutaja."

"Mkataba utautafuta ukiwa na bega zima, mwanangu."

Nyinyi wasomi mtasema shujaa ni anayevumilia maumivu. Mimi niliyeishia kidato cha pili nawaambia, kuvumilia hata punda anaweza, lakini simu ile mimi nisingeipiga. Nikainuka, mimi ambaye simpishi mtu, nikampa kijana kiti.