Kigango Nyuma ya Kioo

Mafundi wanapaka vanishi milango ya ofisi yetu, nami siwezi kukaa. Nimetoka nje, nimerudi, nimetoka tena. Harufu ile ndiyo iliyojaa katika jumba la makumbusho jijini, siku shangazi alipotupeleka kutembea, mimi na bibi, tulipotoka Vitengeni kumtembelea.

Bibi alipita majambia na mitungi bila kuitazama. Mbele ya kabati moja la kioo akauachia mkono wangu. Ndani mlikuwa na kigango, ubao wa kuchongwa tunaowasimamishia wazee wetu waliokufa, chenye alama ya kuungua ubavuni.

“Huyu ni baba yangu,” alisema. “Wezi walimng'oa tulipokwenda matangani.”

Mlinzi akaja mbio. “Shikamoo, mama. Tafadhali usiguse kioo.”

“Marahaba, mwanangu. Na wewe, baba yako ungemwacha hapa?”

Shangazi alimsihi bibi twende, kwa kuwa watu walikuwa wakitutazama. Bibi akatandika leso sakafuni, akaketi. Mimi nilikwenda mlangoni na kurudi, nikiogopa tutafungiwa humo.

Wageni walipokwisha kutoka, mlinzi alizima taa za vyumba vingine, ya pale akaiacha. Akaleta maji kikombeni. Bibi alimwaga kidogo chini, akazungumza na baba yake kwa Kigiriama, polepole, kisha akainuka mwenyewe.

“Nimemwambia tutakuja kumchukua,” alisema.

Shangazi alikuwa karibu naye zaidi, lakini bibi alinitazama mimi.