Madafu ya Uwanja wa Chokaa

Ukiuliza Malindi ni nani aliyeupoteza Uwanja wa Chokaa, utatajiwa Ziro kabla hujamaliza swali. Watu wana ndimi, na ndimi za mji huu hazina likizo. Ati Ziro alikula hela, ati alijengewa nyumba Kaloleni, ati ana gari amelificha Watamu. Uongo mtupu! Ziro hana hata baiskeli. Alichofanya ni kidogo mno, tena alikifanya kwa adabu, na ndiyo maana kikawa kibaya.

Uwanja wenyewe haukujengwa na serikali wala tajiri wa hoteli. Ulijengwa kwa mawe ya watu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mji ulipotaka mahali pa kuchezea mpira, ilipitishwa kwamba kila anayekuja kutazama mechi aje na jiwe moja la matumbawe, na asiye na jiwe abaki nje asikilize makelele. Basi watu wakaja na mawe, wengine mabegani, wengine vichwani, na mabishano hayakwisha kuhusu nani kaleta jiwe na nani kaleta kokoto. Chokaa ya kuyashikanisha ilichomwa na Kalama, babake Ziro, na jina la uwanja likatoka hapo. Lilisimama jukwaa moja tu, upande wa magharibi, likaezekwa mabati. Jamani, jukwaa hilo moja lilibeba furaha ya mji mzima. Siku Ngisi, timu ya mji, ilipoifunga timu kubwa ya Mombasa mabao matatu kwa nunge, maduka hayakufunguliwa hadi kesho yake saa nne.

Siku hiyo Ziro alikuwa benchi, na alikuwa na jezi, tena jezi kamili. Alikuwa mchezaji wa akiba misimu mitatu, na kwa misimu yote mitatu aliingia uwanjani dakika nne. Akikusimulia dakika hizo nne, jitayarishe kukaa mpaka chai ipoe. Aliyemwombea kwa kocha aingie alikuwa Nyale, nahodha, beki mwenye kifua na sauti, na kwa ajili hiyo Ziro alimpenda Nyale mpaka Nyale akafa, na akaendelea kumpenda.

Mpira ulipomkataa, Ziro akapewa funguo. Alizishika miaka arubaini. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa, kitanda upande huu, toroli na mafyekeo upande ule. Kila Ijumaa asubuhi alinyoosha kamba ya makumbi aliyoachiwa na babake, yenye mafundo ya kupimia, akachora mistari kwa chokaa, taratibu, akirudi kinyumenyume. Mkewe, Sidi, yuko Tezo na mahindi yake na mihogo yake. Kila Jumapili Ziro alipokwenda, Sidi alimwuliza, "Haya, bibi mkubwa hajambo?" Bibi mkubwa ni uwanja.

Upande wa mashariki hapakuwa na jukwaa, na watu walikuwa wakiungua na jua. Ziro akapanda minazi, kumi na minane, mmoja mmoja, akiitilia maji kwa debe. Minazi ikakua. Hapo sasa sharti nieleze jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwetu, mti na ardhi ni vitu viwili. Unaweza kuwa na minazi yako, ukairithisha watoto wako, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mwenye ardhi hakugusi. Ila kila mwaka minazi ikizaa, lile kole la kwanza, madafu yote na kikonyo chake, hupelekewa yeye. Si kodi, si bei. Ni kumwambia tu: najua nimekaa kwa nani.

Ziro hakuwahi kumpelekea mtu. Angempelekea nani? Uwanja ulikuwa wa watu wote, na watu wote walikuwa wakinywa madafu yale, tena bila kuomba.

Miaka kumi iliyopita akaja Mwaro, mwana wa marehemu Nyale. Ziro alikuwa hajamwona tangu akiwa mwanafunzi. Sasa alikuwa dalali wa ploti, shati limepigwa pasi, viatu havijui vumbi. Aliinama kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa Nyale mtupu! Hebu geuka nikuone."

Mwaro akasema babake, alipokuwa kitandani anaumwa, alitamani sana madafu ya Chokaa, na akafa bila kuyapata. Kwa hivyo anaomba, kama si taabu, kole moja kila mwaka, awagawie ndugu kwa kumkumbuka marehemu. Masikini Ziro! Machozi yalimtoka pale pale. Akaangua mwenyewe kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, akamchagulia lile la kwanza, maana mgeni hapewi masalio. Watu waliokuwa wakitazama mazoezi wakaanza utani, na Ziro, ambaye utani haumpiti, akambebesha Mwaro kole begani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi golini: "Haya, mwenye shamba, haki yako hiyo!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwaro alicheka pia. Alikuwa ameshampa mtu simu, amrekodi.

Na kila mwaka ikawa hivyo. Mwezi ule ule, kole la kwanza, simu, kicheko, na maneno yale yale, kwa sababu utani ukishapendwa haubadilishwi. Mwaka wa tano Ziro aliongeza na kupiga magoti kidogo, kwa mbwembwe.

Mwaka jana, mwezi wa pili, ukabandikwa waraka kwenye lango. Mwaro wa Nyale anadai ardhi yote ya Uwanja wa Chokaa kuwa ni shamba la babu yake, ana hati ya zamani, na anataka kujenga nyumba za kupangisha watalii, ghorofa nne. Mji ukashika kichwa. Faili la uwanja likatafutwa ofisini, halikuonekana. Likatafutwa tena, likaonekana jalada bila karatasi ndani.

Aliyesimama kupigana alikuwa Mwalimu Mahfudha, anayefundisha timu ya wasichana, mwanamke mdogo wa umbo ambaye akiingia ofisini watu wazima hujikuta wamesimama. Alichangisha, akatafuta wakili, akaja chumbani kwa Ziro na daftari.

"Mzee Ziro, wakili anasema hati yao ina kasoro, mipaka haisomeki. Kinachohitajika ni shahidi mmoja aliyekaa hapa, athibitishe kwamba watu wameutumia uwanja huu miaka yote bila kumtambua mtu yeyote kuwa mwenyewe. Ukisema hivyo, uwanja umebaki. Usiposema, uwanja umekwenda. Na mtu huyo ni wewe tu, wengine wote wamekufa."

"Nitasema, mwalimu. Kwani si ndivyo ilivyokuwa?"

"Hakuna mtu uliyewahi kumlipa chochote? Kumwomba ruhusa?"

"Ng'o! Nimwombe nani?"

Alijibu kwa moyo safi. Wallahi hakuficha kitu. Madafu ya Mwaro hayakumjia kichwani hata kidogo, kwa sababu kwake yalikuwa ni ya Nyale, na Nyale alikuwa rafiki. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Laiti angelitaja siku ile, wakili angejua la kufanya.

Siku ya kesi Ziro alivaa kanzu ya kuazima juu ya suruali yake ya kitenge, akala kiapo, akaeleza kila kitu vizuri: mawe, chokaa ya babake, mabao matatu kwa nunge. Hata zile dakika nne alizigusia. Wasichana wa Mahfudha walikuwa wamejaa nyuma na sare zao za mazoezi, wanatabasamu. Kisha wakili wa Mwaro akainuka, taratibu, na sauti ya asali.

"Mzee, ile minazi ni ya nani?"

"Yangu. Niliipanda mimi."

"Na kwa desturi ya huku kwenu, mwenye minazi humpelekea nani kole la kwanza?"

Ziro akasema, "Mwenye ardhi."

"Na kole la kwanza la minazi yako, miaka hii tisa, umekuwa ukimpa nani?"

Ziro alimtafuta Mwaro kwa macho. Mwaro alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimpa Mwaro. Lakini ilikuwa sadaka ya babake."

Basi wakawasha video. Moja baada ya nyingine, tisa zote, kwenye kioo kikubwa kilichowekwa juu ya meza. Ziro akiwa na mvi chache, Ziro akiwa na mvi tele. *Haya, mwenye shamba, haki yako hiyo.* Kicheko. *Haya, mwenye shamba.* Kicheko. Mwaka wa tano ukafika, Ziro akapiga magoti mbele ya mahakama nzima.

"Ulikuwa ni utani, mheshimiwa," Ziro akasema. "Mwulizeni yeyote aliyekuwapo. Tulikuwa tunacheka."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akamtazama kwa huruma. "Utani wa miaka tisa, mzee? Kila mwaka, mwezi ule ule, kole la kwanza?"

Nyuma, msichana mmoja alianza kulia, na Mahfudha hakumnyamazisha.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita. Ardhi ni ya Mwaro. Kuhusu minazi, mahakama iliheshimu desturi: ni mali ya Ziro, aendelee kuvuna mpaka ujenzi utakapofika upande ule, naye atimize wajibu wake kwa mwenye ardhi kama alivyokuwa akitimiza. Mtu mmoja sokoni alisema, angalau mzee kaachiwa kitu. Nilitaka kumpiga kofi.

Jukwaa lilivunjwa kwa siku mbili. Mawe yale yaliyobebwa na mji mzima yalipakiwa kwenye lori, yakaenda kujaza mashimo ya barabara ya mtu. Watu walisimama kutazama, halafu wakaenda kazini. Uzio wa mabati ukapigwa pande zote, lango likafungwa, mlinzi akawekwa. Ziro alikodi chumba nyuma ya kinu cha kusaga unga. Sidi alituma ujumbe: njoo Tezo, mihogo haina kesi. Hakwenda. Alisema ana minazi ya kuangalia.

Mwezi ukafika, minazi ikazaa. Mlinzi alimfungulia, maana haki anayo. Ziro alipita palipokuwa duara la katikati, sasa pana rundo la kokoto, akaenda kuangua. Mikono ilijua kazi yake. Ikaanza na kole la kwanza, kubwa, madafu kumi na mawili. Lilipokuwa chini ndipo alipokumbuka kujiuliza ni la nani.

Alilibeba begani hadi shuleni kwa Mahfudha, jua kali, mwendo wa nusu saa kwa mzee wa miaka sitini na saba. Wasichana wanafanyia mazoezi pale sasa, kwenye kiwanja cha mchanga kilichoinama upande mmoja, kila dakika mpira unakimbilia chooni. Walipomwona waliacha kucheza.

"Hodi, mwalimu. Nimewaletea wanangu madafu."

Mahfudha alimwamkia vizuri, akamwuliza hali, akamwuliza habari za Sidi. Hakulipokea kole. Aliliangalia, akauliza, "Ni la kwanza la mwaka huu, mzee?"

"La kwanza."

"Basi sisi si wenyewe," akasema, kwa upole kabisa, hakuna hata tone la ukali. "Mpelekee mwenyewe." Akapuliza kipenga, na wasichana wakarudi mchezoni.

Afadhali angemtukana. Ziro alirudi njia ile ile, kole begani, akibadilisha bega kila baada ya nguzo mbili za umeme. Hakuwa na nia ya kwenda kwa Mwaro, hilo aliliapia moyoni. Lakini chumba chake kiko ng'ambo ya uwanja, na njia inapita langoni, na pale langoni pumzi ilimwishia. Akasimama apumzike.

Mlinzi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alimtazama mzee, akayatazama madafu, akasogea kumpisha nafasi kivulini.

"Weka hapa, mzee," akasema. "Tajiri aliniambia utayaleta."

Bega lilikuwa linamuuma sana. Ziro akayaweka.