Sinia Iliyong'olewa

Siku ile kijijini Haneti ningeweza kuzuia aibu yote kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza kwa makusudi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, mtaa wa Makole, mjini. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa kufungua mashine mbovu za watu na kuzifunga tena mpaka zikubali. Labda ndiyo maana napima kila kitu mara tatu. Aliyesoma akikosea, watu husema amekosea. Mimi nikikosea watasema, si mnaona, hakusoma. Kuna bawaba ya geti niliyoirudia mara tano ingawa mteja aliridhika na ya kwanza.

Mhadhiri mmoja, mwenye udaktari wa uhandisi, alikuja na mradi wa chuo chake. Walitafuta karakana ndogo za kushirikiana nazo kutengeneza mashine mpya kwa ajili ya wakulima. Alisimama mlangoni, akachungulia nyuma yangu.

"Fundi yupo?"

"Shikamoo. Ndiye mimi."

"Marahaba. Namaanisha fundi mwenyewe."

"Ndiye mwenyewe."

Akacheka, akaniita mdogo wangu, tukaelewana. Tungetengeneza mashine ndogo ya kukamua alizeti. Yeye alete hesabu na vipimo vya maabara, mimi nichonge vyuma, na majina yetu yote mawili yaandikwe kwenye mashine. Hilo la majina nililiomba mimi. Sina cheti hata kimoja. Nilitaka mahali pamoja tu duniani paandikwe kwamba kitu hiki nilikitengeneza mimi.

Pale karakana tuliijaribu kwa mbegu alizonunua mjini, safi, zimepakiwa vizuri. Ilikamua bila taabu, naye akaandika ripoti. Mimi sikutulia. Nikapanda basi hadi Haneti, kwa kikundi cha akina mama ambao ndio wangepewa mashine. Kule alizeti hupigwa kwa fimbo juu ya ardhi tupu, na mbegu huokotwa pamoja na vijiwe vya ukubwa ule ule wa mbegu. Chekeche haiwezi kuvitenganisha. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mikono mikavu na maneno makavu zaidi, aliinamisha ungo, akautikisa kidogo kidogo. Mbegu zikatelemka mbele, vijiwe vikabaki nyuma karibu na kifua chake.

"Umeona?" akaniuliza.

"Rudia, mama."

Alirudia mpaka akachoka nami. Niliporudi Makole nikakata sinia ya bati yenye matuta, iliyoinama kama ungo wake, nikaifunga mdomoni mwa mashine itikisike yenyewe. Nilitupa saba. Ya nane ikabakiza mawe yote nyuma, na mhadhiri akaichukua mashine kwenda kuipima tena maabara.

Siku ya kuonyesha mashine kule Haneti, mbele ya wanakijiji na wageni wa ofisini, niliikuta imepakwa rangi ya bluu na sinia imeng'olewa.

"Ilikuwa inaharibu mwonekano," mhadhiri akasema. "Halafu kwenye vipimo haikuongeza mafuta hata tone."

Nilifungua mdomo kumwambia kuhusu mawe. Ndipo nikaona kibao cha shaba kilichopigwa misumari minne ubavuni. Jina la chuo. Jina lake. Basi.

"Mdogo wangu, wewe kaa pale nyuma," akasema. "Tukikuhitaji tutakuita."

Nikaenda kukaa nyuma. Yule mwenyekiti alikuja na debe lake la alizeti, akaizunguka mashine.

"Binti, kile kibati cha kubagua mawe ulichoniahidi kiko wapi?"

"Muulize daktari, mama."

Akamuuliza. Daktari akawageukia wageni, akatabasamu. "Mama, teknolojia imesonga mbele!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akamimina.

Mashine ilikwenda vizuri kwa muda wa kutosha watu kupiga makofi. Kisha ukaja mlio kama wa mtu anayesaga meno, mkanda ukafuka moshi, na parafujo kubwa ya ndani, ile inayokamua mbegu, ikakwama. Niliipenda ile parafujo. Niliing'arisha kwa mkono. Na bado, Mungu anisamehe, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Fundi!" mhadhiri akaita. "Fundi, njoo haraka!"

Nilitembea taratibu hadi katikati ya watu.

"Mimi si fundi wa mashine hii," nikasema. "Someni kibao."

Mtu mmoja akakisoma kwa sauti. Mhadhiri akawa anajifuta jasho kwa ripoti yake. Wageni walipoondoka naye akaondoka, mashine ikabaki pale pale, chuma kitupu kisichozunguka.

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na debe langu?"

Yeye ndiye aliyenifundisha, na mbegu zake ndizo nilizozitumia kumpiga mtu mwingine. Hilo linaniuma. La mhadhiri haliniumi hata kidogo. Angesimama pale tena leo, ningekaa kimya tena.

Baada ya wiki mbili nilirudi Haneti na mfuko wa vifaa, bila kumwuliza mtu wa chuo. Nilichonga upya parafujo, nikafunga sinia, nikamkamulia mama debe jipya hadi tone la mwisho. Halafu nikachukua tindo nikang'oa kibao cha shaba.

"Sasa weka jina lako," mama akasema.

Nilikuwa nalo mfukoni, limechongwa kwenye kipande cha bati herufi kwa herufi. Nikakataa. Nikayaacha matundu manne wazi, yenye kutu pembeni, yanayoonekana na kila anayeleta alizeti. Wageni wakiuliza ni ya nini, mama huacha kazi, hukaa chini, na huwasimulia habari yote tangu mwanzo, huku akimtaja mhadhiri kwa jina lake kamili.