Mwandiko wangu umegeuzwa fonti, sasa unauza pilipili iliyochacha

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mama wa Kamembe, huku Rusizi, na leo nina hasira kwelikweli. Nitakayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Nimekulia Bukavu, tukarudi Rwanda nikiwa tayari nina watoto. Kazi yangu ni pilipili. Nasaga, nakaanga na mafuta na vitunguu saumu, natia kwenye vichupa, wabebaji wanavusha katoni kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu, upande wa Kongo.

Sasa elewa hapa. Wateja wangu wengi wa ng'ambo hawajawahi kuniona. Wananijua kwa lebo, na lebo zote nilikuwa naandika kwa kalamu, moja moja. Mwandiko wangu umelala upande, j ina mkia mrefu, wala sijawahi kuusifia. Lakini mtu akiuona sokoni anajua ni ya nani, na pilipili haitamuumiza tumbo.

Mkono ukaanza kuuma. Nikaenda kwa Fiston, kijana mwenye duka la kuchapa karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Huyo nilimpikia kwenye harusi yake, jamani, sufuria nzima ya sambaza, wale dagaa wa Kivu!

Akaniambia niandike alfabeti yote kwenye karatasi, kubwa na ndogo, ataiingiza kwenye kompyuta, lebo zitoke na mwandiko wangu uleule. Nikaona huyu ana akili. Nikaandika vizuri kabisa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Baadaye nikaanza kuuona mkono wangu mjini.

Kwanza saluni: "Tunasuka rasta." Nikacheka. Halafu kadi ya ubatizo, sawa, ilipendeza hata. Halafu "Chumba kinapangishwa". Halafu mlango wa choo cha baa moja: "Usikojoe nje ya tundu." Mwandiko wangu huo, na mkia wa j yangu! Bado nikajizuia, nikasema ni utani wa Fiston, nitamkemea siku nikipita.

Kumbe kuna mtu ng'ambo ya barabara naye ameanza kuuza pilipili, amechanganya na nyanya zilizooza, na Fiston amemchapia lebo.

Katoni yangu moja ikarudishwa kutoka Bukavu na mbebaji. Ilitoka kwa Maman Chantal, mwenye mgahawa kule. Huyo ndiye aliyenunua kichupa changu cha kwanza kabisa, ndiye aliyenitangaza kwa wenzake wote. Akinikataa yeye, jina langu Bukavu limekwisha.

Nikavuka mwenyewe. Akaniwekea kichupa mezani, kimevimba kifuniko, akaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu:

"Maman Benita, ulinifanyia hivi juu ya nini? Batu balikula, tumbo ikabauma. Sasa banasema niko natia batu sumu."

"Hii si yangu."

"Haya maandiko si yako? Kataa basi!"

Wakuu, nilitazama ile lebo na kwa dakika nzima nikadhani kweli niliiandika mimi. Halafu nikaona. "Pilipili": i zote nne pacha, nukta zimekaa palepale. Mimi i zangu hazijawahi kufanana, ya mwisho huwa imechoka. Nikamwonyesha kwa kidole.

Akanisukumia kichupa. "Maman, batu banasubiri chakula. Miye nitakuwa naangalia nukta ya herufi?"

Na ana haki. Nani anakagua nukta akiwa na njaa?

Nikarudi moja kwa moja kwa Fiston. Sikumsalimia, nikamuuliza nani alimruhusu kuuza mwandiko wangu.

"Maman, uliandika mwenyewe, sikukukamata mukono," ananijibu huku anatafuna. "Na herufi haiko na mwenyewe. Batu banaipenda, inaonekana ya nyumbani."

Inaonekana! Hapo ndipo damu ilinipanda. Fonti ya aina hiyo ndiyo kazi yake: inamfanya mtu aamini kuna mama fulani aliketi akaandika kwa ajili yake. Kwenye kadi ya ubatizo haina ubaya. Kwenye chakula ni uongo, na uongo huo unatumia mkono wangu. Shukrani ya punda ni mateke, ila huyu kijana ameuteka mkono wangu kabisa.

Basi nikaacha mwandiko. Lebo zangu sasa ni herufi za kawaida, zimenyooka kama za dawa ya hospitali, na jina langu kamili.

Juzi niko na meza yangu mpakani, yule jirani wa nyanya zilizooza na yake kando. Akaja mama mmoja, akashika kichupa changu, akashika na cha jirani. Akanirudishia changu kwa upole kabisa.

"Pole, Maman. Hii yako iko kama ya usine, ya mashine ya kiwanda. Ile inaonekana muntu aliiandika na mukono yake."

Akalipa kwa jirani, akavuka.

Funzo langu ni fupi: usimpe mtu mwandiko wako wote hata kama ulimpikia harusini. Wenye duka la kuchapa humu ndani, njooni mnitetee au mnitukane, nipo. Na kama kuna aliyewahi kurudisha jina lake likishachafuliwa hivi, aniambie alianzia wapi, maana mimi sijui.