Mrija wa Baba wa Binti

Mwaka vita vilipokwisha, bidhaa zikiwa adimu madukani, nilikuwa kwenye posa kijijini Keza. Baba wa binti aliweka mrija wa pombe ya ndizi mdomoni, lakini mashavu hayakubonyea. Shangazi wa kijana akamkazia macho.

“Mkwe, unavuta au unabusu? Ukikataa pombe yetu, umemkataa kijana wetu.”

“Mganga wa zahanati kasema sukari yangu imeanza kupanda. Bado si ugonjwa, nisiifikishe huko.”

“Dukani sukari hakuna, wewe umeitoa wapi?”

Mkewe akamnyang'anya mrija, akanywa ya kwake na ya mumewe. Posa ikapita kwa vigelegele.

Leo nasikia redioni wataalamu wa dunia nzima wanachunguza sukari ya damu ingali changa, kabla haijawa ugonjwa. Dawa ya Keza niliiona mwenyewe: mzee alirudi kwake mzima, kambeba mkewe mgongoni, na mke anaimba.